Kilatini cha Kambini: Nani Mtenda, Nani Mtendewa



Ukipata kitabu cha zamani cha Kilatini cha mwanzo, kimojawapo cha vile vya shule za Ulaya na Marekani za miaka mia moja iliyopita, kifungue katikati. Utakuta mwanafunzi ambaye bado anababaika kuhesabu mpaka ishirini, lakini tayari anajua kusema mkuki, ngao, handaki, boma, mizigo ya jeshi na mateka wa rehani. Anaweza kukueleza vizuri kabisa kwamba jemadari amewapelekea washirika msaada. Ila ukimwuliza kijiko kinaitwaje kwa Kilatini, atakutazama tu.

Watu wamelicheka sana jambo hili, na wapo walimu walioliona kuwa la aibu. Mimi naona hadithi za askari na washirika zinamfaa sana mtu anayeanza Kilatini, pengine kuliko hadithi za aina nyingine yoyote. Nina sharti moja tu. Msomaji asichoke kuuliza, katika kila sentensi, nani hapa ni mtenda, nani mtendwa na nani mtendewa.

Mikuki yote hiyo imeletwa na mtu mmoja. Wengi wetu tulikutana na Julius Caesar akiwa amebakiza siku chache za kuishi, katika ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikachapishwa mwaka 1963. Lakini miaka mingi kabla ya kuchomwa visu Roma, Caesar alikuwa jemadari huko Gallia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Aliandika habari za vita vyake, kuanzia mwaka 58 hadi 52 Kabla ya Kristo, katika vitabu saba, na cha nane kikaongezwa na mtu wake wa karibu, Aulus Hirtius. Kilatini chake ni safi, hana mbwembwe, na msamiati wake si mpana. Tena anajitaja kana kwamba anamsimulia mtu mwingine: Caesar alifika, Caesar aliamuru, Caesar hakulala. Kwa mwalimu hiyo ni bahati, kwa sababu maneno yaleyale hurudi ukurasa baada ya ukurasa na vitenzi vingi vimo katika nafsi ya tatu.

Basi shule zikamfanya Caesar kuwa mwandishi wa kwanza wa Kirumi ambaye mtoto atamsoma, na watunzi wa vitabu vya mwanzo wakaanza kumtengenezea mtoto huyo njia ya kumfikia. Benjamin D'Ooge, mwalimu wa Michigan, Marekani, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Ndani yake mna hadithi ya mvulana wa Kirumi, Publius Lentulus. Anazaliwa, anakwenda shule, anavishwa vazi la wanaume, kisha anaondoka kwenda Gallia kujiunga na jeshi la Caesar. Mwanafunzi anakua pamoja naye. Siku Publius anapoingia kambini, msomaji naye ameshajua majina ya kila kitu kilichomo humo.

Njia nyingine iliyokuwapo ilikuwa ya majedwali. Huko Uingereza kitabu cha sarufi cha Benjamin Hall Kennedy, kilichotoka mwaka 1866 na kurekebishwa mwaka 1888, kilitawala madarasa kwa miaka mingi sana. Winston Churchill amesimulia jinsi alivyopewa, siku yake ya kwanza shuleni, jedwali la maumbo ya neno meza alikariri. Akauliza umbo la "ewe meza" lina kazi gani. Mwalimu akamjibu kuwa ni la kutumia unapozungumza na meza. Mtoto akasema yeye hazungumzi na meza, na badala ya kueleweshwa akatishiwa adhabu kali. Nadhani mtoto alikuwa na hoja. Akida wa jeshi, angalau, huitwa kwa jina na huitika.

Nimesema akida. Wasomaji wa Agano Jipya wanamjua: ndiye ofisa wa Kirumi mwenye askari wapatao mia chini yake, kama yule Kornelio wa Kaisaria. Sasa nataka niwasimulie habari za maakida wawili, maana katika kisa chao ndimo inapoonekana kazi ambayo jedwali haliwezi kuifanya.

Ni mwaka 54 Kabla ya Kristo, majira ya baridi. Jeshi la Quintus Cicero, ndugu wa yule msemaji maarufu, limezingirwa ndani ya boma lake katika nchi ya Wanervii, kaskazini mwa Gallia. Ndani ya boma hilo wamo Titus Pullo na Lucius Vorenus, wote wawili mashujaa, wote wanakaribia cheo cha juu cha maakida, na kila mwaka wanagombana nani amtangulie mwenzake. Nitatamka Worenus, kwa mtindo wa kale. Wazee waliopita seminari wamezoea v ya kanisani, na wakinisahihisha nitawaitikia kwa heshima.

Mapigano yamepamba moto penye ukuta. Pullo anamgeukia mwenzake: unangoja nini, Vorenus? Leo ndiyo siku ya kumaliza ubishi wetu. Anatoka nje ya boma, anakwenda moja kwa moja penye kundi kubwa la maadui. Vorenus naye hawezi kubaki, wenzake wangesemaje? Anamfuata. Pullo anarusha mkuki, unampata mtu mmoja. Maadui wanamkinga mwenzao aliyeanguka kwa ngao zao na kumrushia Pullo silaha wote kwa pamoja. Ngao ya Pullo inatobolewa. Mkuki mmoja unanasa kwenye mshipi wake na kuisukuma ala ya upanga upande wa nyuma. Anapapasa upanga, mkono haufiki. Wameshamzunguka. Hapo anatokea hasimu wake Vorenus. Maadui wanamwacha Pullo wakidhani amekwisha na kumvamia Vorenus, naye anaua mmoja, anawasogeza wengine nyuma, na kwa pupa ya kuwafukuza anatumbukia katika bonde dogo na kuanguka. Sasa aliyezungukwa ni yeye. Na anayekuja kumwokoa ni Pullo. Wote wawili wanarudi bomani wazima huku wenzao wakiwashangilia, na Caesar anasema haikuwezekana kuamua nani amemzidi mwenzake.

Sasa mwenye kalamu aandike. Nasema polepole. *Vorenus Pullonem servat.* Maana yake: Vorenus anamwokoa Pullo. Mstari wa pili: *Pullo Vorenum servat.* Pullo anamwokoa Vorenus. Sasa nageuza mpangilio wa mstari wa pili: *Vorenum Pullo servat.* Nimeanza na jina la Vorenus, lakini maana haikubadilika hata kidogo. Aliyeokoa ni Pullo vilevile. Aliyeokolewa anajulikana kwa mwisho wa jina lake: Vorenum, kwa m, Pullonem, kwa m.

Sisi katika Kiswahili tukisema "Pullo anamwokoa Vorenus", anayetueleza nani kamwokoa nani ni mpangilio wa maneno. Kile kiambishi cha mtendwa katika "anamwokoa" hakitusaidii hapa, kwa kuwa wote wawili ni watu. Mrumi alikuwa huru kuyapanga maneno atakavyo, kwa sababu kila jina lilibeba kazi yake mkiani. Unaweza kulikariri jambo hilo kutoka kwenye jedwali kwa wiki nzima lisikae kichwani. Likiwa ndani ya kisa ambamo watu wawili wanaokoana kwa zamu, na herufi moja ndiyo inayokuambia nani yuko hatarini, unalishika siku hiyohiyo, kwa sababu unataka kujua. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi za kambini. Matendo yake ni ya mtu kumtenda mtu: kuita, kutuma, kushinda, kuokoa, kusaliti.

Kuhusu upatanisho wa maneno sitakaa sana. Mtu aliyekulia katika kisu kikali na visu vikali, mti mrefu na miti mirefu, hawezi kutishwa na jinsi tatu za Kilatini. *Socius bonus*, mshirika mwema. *Socii boni*, washirika wema. Tofauti ni kwamba sisi tunapatanisha mwanzoni mwa neno na wao mwishoni. Hata kitenzi ni hivyo. Nitaokoa: ni, ta, okoa. Wao wanasema *servabo*: kwanza okoa, kisha wakati ujao, na "mimi" anamalizia. Mzungumzaji wa Kiingereza hushangaa neno moja likibeba sentensi nzima. Sisi tunafanya hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Nije kwa washirika, na hapa ndipo lile sharti langu linapohusika.

Katika vitabu vya mwanzo mshirika ni mtu mpole. Anapelekewa msaada, anapewa silaha, analindwa dhidi ya maadui. Kisarufi mara nyingi yeye ni mtendewa, na Kilatini kina mwisho maalumu wa mtendewa: *Romani sociis auxilium dant*, Warumi wanawapa washirika msaada. Mwanafunzi anaandika sentensi ya namna hiyo mara nyingi mpaka inamwingia kwamba dunia ndivyo ilivyopangwa: Warumi wanatoa, washirika wanapokea.

Lakini mfungue Caesar mwenyewe, kitabu cha kwanza, mwaka 58. Anawafuatia watu wa kabila la Wahelvetii, na jeshi lake linakula. Nani analilisha? Waaedui, washirika wa Roma ambao Baraza la Seneti lilikuwa limewaita mara nyingi ndugu wa damu. Wameahidi nafaka. Caesar anaidai kila siku. Kila siku anaambiwa: inakusanywa, iko njiani, inafika sasa hivi. Kila aliyewahi kungoja mzigo ulioahidiwa anaijua sauti hiyo. Siku ya kuwagawia askari posho yao imekaribia, ghala ni tupu, na Caesar anawaita wakubwa wa Waaedui anawakaripia. Hapo ndipo Liscus, hakimu wao mkuu, anapofunguka: kuna watu katika nchi yetu, raia wa kawaida, wenye nguvu kuliko sisi wenye vyeo, na hao ndio wanaowazuia wananchi wasitoe nafaka. Mkubwa wao ni Dumnorix.

Na Dumnorix ni mdogo wake Diviciacus, rafiki mkubwa wa Caesar miongoni mwa Waaedui. Yaani nyumba moja, ndugu wawili, mmoja yuko na Warumi na mwingine hawataki. Diviciacus anamshika Caesar na kulia, anamwombea mdogo wake asiadhibiwe. Caesar anasamehe, lakini anaweka watu wa kumchunga Dumnorix. Miaka minne baadaye, Caesar anataka kumchukua Dumnorix kwenda naye Uingereza, maana hathubutu kumwacha nyuma. Dumnorix anatoroka na wapanda farasi wa Waaedui. Wanatumwa watu kumrudisha, akikataa wamwue. Anakataa, na anakufa akipaza sauti tena na tena kwamba yeye ni mtu huru wa taifa huru.

Tazameni ni nani aliyempa Dumnorix nafasi ya kusema hayo: Caesar mwenyewe, aliyeamuru auawe. Katika Kilatini halisi mshirika ni mtenda. Anaficha nafaka, anatoroka, anabishana. Vitabu vya mwanzo vilipolainisha lugha vilimlainisha na mshirika, na nadhani hilo la pili halikuwa na ulazima. "Washirika hawatoi nafaka" ni sentensi fupi na nyepesi sawa na "Warumi wanatoa msaada", na inasisimua zaidi.

Wala si Gallia tu. Ndani ya Italia yenyewe washirika walikuwa wametoa askari kwa vita vya Roma kwa vizazi kadhaa bila kuwa raia. Mwaka 91 Kabla ya Kristo wengi wao wakaasi. Walijichagulia mji mkuu wao, Corfinium, wakapiga na sarafu zao. Mojawapo inamwonyesha fahali, nembo ya Italia, akimchoma mbwamwitu wa Roma kwa pembe. Mwaka uliofuata Roma ikaanza kutoa uraia kwa sheria. Vita vile hadi leo vinaitwa kwa jina la hao washirika.

Vitabu vya karibuni vimejitahidi zaidi. Mdenmaki Hans Ørberg alitoa mwaka 1955 kozi iliyoandikwa kwa Kilatini kitupu tangu ukurasa wa kwanza, maana za maneno zikieleweka kwa picha, ramani na muktadha. Humo askari anaingia kwa njia ya nyumbani: ni mjomba wa watoto wa familia inayosimuliwa, naye yuko kambini kwenye mpaka wa Germania. Uingereza, baada ya Oxford na Cambridge kuacha mwaka 1960 kudai Kilatini kwa kila anayeomba kujiunga, walimu waliona wakiendelea na njia ya zamani wataishiwa wanafunzi, na mwaka 1970 ikatoka kozi ya Cambridge. Inaanzia Pompeii, nyumbani kwa Caecilius, mtu wa shughuli za fedha aliyeishi kweli. Zaidi ya vibao 150 vya kumbukumbu zake vilifukuliwa mwaka 1875. Baadaye hadithi inahamia Uingereza, na hapo tunapata askari wawili wa kuchekesha katika ngome ya Deva, ambayo sasa ni Chester, waoga na wazembe, wapenzi wa kujificha. Tunapata pia mfalme mshirika, Cogidubnus, mtu wa historia ambaye jina lake limo katika maandishi ya jiwe yaliyopatikana Chichester mwaka 1723. Na ofisa wa Kirumi anamfanyia njama mfalme huyo aliyekuwa mwaminifu kwa Roma. Hilo nalipenda. Mtoto anayesoma hadithi ile anaanza kujiuliza ushirika huu unamfaidi nani.

Kuna jambo moja nisingependa tulisahau. Wanafunzi wengi wa kwanza wa Kilatini cha mwanzo walikuwa hao hao washirika. Vikosi vya msaada vya jeshi la Roma vilijazwa na watu waliozaliwa katika lugha nyingine. Wakati wa makaisari askari wa vikosi hivyo aliweza kutumikia miaka 25, kisha akapata uraia, na cheti cha shaba akikitaka. Lugha ya amri, ya mishahara, ya orodha za zamu ilikuwa Kilatini.

Tunayo hata madaftari yao, tukiweza kuyaita hivyo. Huko kwenye ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, kuanzia mwaka 1973 vilianza kupatikana vibao vyembamba vya mbao, vimeandikwa kwa wino, vingi vya miaka iliyozunguka mwaka 100 Baada ya Kristo. Waliokaa pale walikuwa Watungri na Wabatavi, watu wa sehemu zilizo leo Ubelgiji na Uholanzi. Kibao kimoja kina mstari wa mshairi Virgil, umenakiliwa kama zoezi la mwandiko, na mkono mwingine umeongeza herufi chache ambazo baadhi ya wataalamu wanazisoma kuwa mwanzo wa neno la kumkemea mzembe. Kama wanasoma sawa, hayo ni masahihisho ya mwalimu.

Kibao kingine ni ripoti ya kikosi cha kwanza cha Watungri, ya tarehe 18 Mei. Askari wote: 752. Wasiokuwapo, waliotumwa huku na huko: 456. Waliobaki: 296. Kati ya hao wagonjwa 15, majeruhi 6, wanaosumbuliwa na macho 10. Wanaoweza kazi: 265. Hakuna kitenzi kigumu humo, hakuna sentensi ndefu. Mwanafunzi wa miezi michache anakisoma mwenyewe, na hakuna aliyemlainishia chochote. Ningekuwa mwalimu, ningekiweka mapema kabisa, kabla ya Publius na vazi lake jipya, ili watoto waone kikosi ambacho zaidi ya nusu yake haipo, na watu kumi wamekaa wanapangusa macho.

Nina kisa kimoja tu kimebaki, na sijakutana nacho katika kitabu chochote cha wanaoanza, ingawa kinastahili. Mwaka 9 Baada ya Kristo, Arminius wa Wacherusci, aliyekuwa ameongoza watu wake ndani ya jeshi la Roma na kupewa uraia, aliyaangamiza majeshi matatu ya jemadari Varus katika misitu ya Germania. Miaka saba baadaye, anasimulia mwanahistoria Tacitus, Arminius alisimama ukingoni mwa mto Weser akaomba kuongea na ndugu yake Flavus, aliyekuwa bado askari wa Roma, ng'ambo ya pili. Flavus alikuwa amepoteza jicho vitani. Arminius akamwuliza: umelipwa nini kwa jicho hilo? Flavus akataja nyongeza ya mshahara, mkufu, taji na zawadi nyingine za kijeshi. Arminius akamcheka kwa ujira mdogo wa utumwa. Mmoja akasifu ukuu wa Roma, mwingine akamkumbusha nchi yao, miungu yao na mama yao. Yakafika mahali Flavus akadai apewe farasi na silaha, ikabidi ofisa wa Kirumi amzuie. Ng'ambo, Arminius akawa anatishia vita, na Tacitus anasema alichanganya maneno mengi ya Kilatini, kwa kuwa alikuwa amekijua kambini mwa Warumi.

Huo ni ugomvi wenye kila kitu ambacho anayeanza anakihitaji: kuita, kuuliza, kuamuru, mimi na wewe, kutoa na kupokea. Nimewaandalia mistari yake ya kwanza. Ni yangu, si ya Tacitus. Iandikeni, mtafute mtenda katika kila sentensi, na wiki ijayo tutaendelea.

*Duo fratres ad flumen stant. Frater fratrem vocat. Alter socius Romanorum est, alter hostis. Ambo Latine sciunt.*